Bata Ashika Kona

Kwa miezi minane baba mkwe hakumsemesha Nesi moja kwa moja. Si kwamba walinuniana hadharani. Asubuhi Nesi aliamkia, "Shikamoo, baba," naye mzee akajibu, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayetia sahihi karatasi asiyotaka kuisoma. Baada ya hapo, neno lolote lililomhusu mkwewe lilipitia kwa mama mkwe, hata wakiwa wameketi meza moja.

"Mwambie mkweo chumvi iko mbele yake."

"Mimi si simu," mama mkwe angejibu, akiisukuma chumvi kwa kidole.

Kisa chenyewe kilikuwa mbio za magari. Nesi alikuwa na miaka thelathini na tisa, mama wa mabinti wawili, na kazi yake ilikuwa wodi ya wazazi. Jina la kazi lilikuwa limemganda hata mumewe akamwita hivyo. Jumapili moja ya kila mwezi, kwenye uwanja wa maghala ya saruji yaliyofungwa, watu wenye kazi zao za kawaida walikusanyika, wakapanga koni nyekundu, wakapita katikati yake na magari yao, moja baada ya jingine. Hawakukimbizana bega kwa bega. Kila mmoja alipambana na saa. Nesi aliitwa mara ya kwanza kusimamia huduma ya kwanza, akakaa na sanduku lake la bendeji mapajani. Mara ya pili sanduku alimwachia mtu mwingine, yeye akavaa kofia ngumu.

Baba mkwe alikuwa fundi wa springi za malori kwa miaka arobaini. Aliyajua malori yaliyoshindwa na kona. Aliyaona yakiletwa yakiwa yamekunjamana, na mara nyingine viatu vya dereva bado vimo ndani. "Gari ni la kumpeleka mgonjwa hospitali," alimwambia mkewe siku alipopata habari, "si la kumtengeneza mgonjwa." Tangu siku hiyo mama mkwe akawa simu.

Gari la Nesi lilikuwa saluni ya milango minne iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wanne. Kwenye kona lililala upande mmoja, likainuka, likalala upande wa pili, mkia ukitikisika nyuma. Pale uwanjani walilibatiza Bata. Aliyebuni jina hilo ni Dalali, muuza viwanja mwenye mdomo mwepesi na gari jekundu lililofungwa seti ya springi za kuagizwa na shokapu, vile vizuia mtikiso vya magurudumu, zenye vitufe vya kuzungusha kulainisha au kukaza. Dalali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui kufurahi kimyakimya.

Alasiri moja Nesi alirudi kazini, akalirudisha gari kinyumenyume uani. Baba mkwe alikuwa barazani na redio iliyofunguliwa matumbo. Akainua kichwa.

"Mwambie mkweo springi ya nyuma kushoto imevunjika."

Nesi akashuka, akainama, akachungulia. Kweli. Mzunguko wa mwisho wa springi ulikuwa umekatika, kipande kinaning'inia.

"Mama," alisema, akifuata utaratibu wa nyumba, "mwulize baba amejuaje?"

"Mwambie nina masikio."

"Mwambie, basi, nilikuwa nataka kubadilisha zote nne. Lakini nina malipo ya zamu za ziada za mwezi mmoja tu. Kwa seti kama ya Dalali hata kitufe kimoja sipati."

Mama mkwe alikuwa anaanika nguo, kibanio mdomoni. Mzee akakaza skrubu moja ya redio. Ndipo akasema, "Mwambie Jumamosi asivae nguo nyeupe."

Jumamosi walikwenda kwa muuza vyuma chakavu, wawili peke yao, hewa ndani ya gari ikiwa nzito kama ya chumba cha mtihani. Lakini mzee alipokanyaga pale kati ya magari yaliyopandana, mwendo wake ulibadilika. Alipita akiyabonyeza magari juu ya matairi kwa kiganja, kama mtu anayechagua godoro. Akasimama kwenye gari la ukoo uleule wa Bata, ila lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo.

"Mwambie huyu mama," alimwambia muuza vyuma, "springi za hili ni nene zaidi. Liliumbwa kubeba."

Muuza vyuma akamtazama mzee, akamtazama Nesi aliyesimama hatua moja kutoka hapo. "Lakini mzee, si yuko hapa?"

"Nimesikia," alisema Nesi haraka, akiuma mdomo asicheke.

Walitoka na springi nne. Na shokapu nne za gari dogo la abiria, ambazo mzee alizisukuma moja moja hadi chini, akahesabu kimoyomoyo zikipanda polepole bila kutoa tone la mafuta. Na stabilaiza, fimbo ya chuma inayozuia gari lisilale kwenye kona, waliyoifungua kwenye pikapu lililopondeka uso. Vyote havikumaliza hata pesa za Nesi.

Springi zilikuwa ndefu mno, hivyo zilipaswa kupunguzwa. Hapo uani ndipo jambo ambalo Nesi alilijua siku nyingi lilipojitokeza wazi. Baba mkwe alichukua grainda, mashine ya kukatia chuma, akaiwasha, na mikono ikaanza kumtetemeka. Akaizima. Akaiwasha tena. Akaiweka chini na kujifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Nesi alikuwa ameuona mtetemeko huo kwenye kikombe cha chai zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na hakuwahi kuutaja. Hata sasa hakuutaja. Aliokota grainda, akavaa glavu, akapiga goti.

"Mama, mwulize baba nikate wapi."

Mzee alichora alama kwa chaki, mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Cheche zikaruka. Mama mkwe alisimama na jagi, akimwaga maji kidogokidogo, maana chuma cha springi kikishika moto sana hulegea na kupoteza nguvu. Nesi alikuwa makini, lakini alikaza mkono kupita kiasi, na ncha ikaanza kugeuka rangi ya buluu.

"Inua!" baba mkwe alipiga kelele. "Inua mkono, mwanangu, unaichoma! Kata, pumzika. Kata, pumzika. Kama unavyomwambia mama anayejifungua, sukuma, pumua!"

Grainda ilinyamaza. Watu watatu wakatazamana.

"Haya," alisema mama mkwe, akiweka jagi chini. "Simu imepata likizo."

Jumapili ya mbio ilipofika, Bata alikuwa amekaa chini, amebana mbavu, anavutia kwelikweli. Dalali alilizunguka gari mara mbili.

"Bata ameatamia leo!" alitangaza, na uwanja mzima ukacheka meno nje.

Nesi alijikaza. Kona ya kwanza gari liligeuka kama limefungwa kwenye reli. Ya pili vilevile, na furaha ikaanza kumpanda kichwani. Kona ya tatu ilikuwa ndefu, na katikati yake vipande vya sakafu ya saruji vilikuwa vimepishana, kimoja juu kidogo ya kingine. Bata alipopita hapo, nyuma ikaruka, mkia ukaenda arijojo, na kufumba na kufumbua Nesi alikuwa anatazama alikotoka, koni tano zimelala chini. Mizunguko iliyobaki ilikuwa hivyohivyo. Alimaliza wa pili kutoka mwisho.

Jioni ile alimeza aibu yake pamoja na chai, kisha akaenda kuketi barazani.

"Baba, kuna kitu. Katikati ya kona linagonga. Si kama tairi limepiga jiwe. Ni kama mtu anayeshuka ngazi bila kutazama, anadhani imebaki moja, kumbe ameshafika chini. Mguu unagonga sakafu, unasikia mpaka kwenye meno."

Mzee aligeuka mwili mzima. Kwa miaka arobaini madereva walimwambia "mzee, linapiga kelele," na hakuna aliyewahi kumweleza gari namna hiyo.

"Shokapu inafika mwisho," alisema taratibu. "Haina tena pa kwenda. Lakini ya mbele au ya nyuma? Tungekuwa na kitu cha kutuonyesha inashuka kiasi gani."

Nesi alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akatoa rababendi, zile za kufungia mafaili ya wagonjwa. "Tukizivisha kwenye fimbo ya shokapu? Ikishuka itaisukuma. Ikirudi, rababendi inabaki pale ilipofikishwa."

Baba mkwe alizitazama rababendi kana kwamba zimeanguka kutoka mwezini.

Kesho yake wakazivisha, Nesi akazunguka kwenye barabara mbovu nyuma ya nyumba, wakarudi kuchungulia. Za mbele zilikuwa zimesimama katikati ya fimbo. Za nyuma zote mbili zilikuwa zimesukumwa mpaka juu kabisa, zimebanwa, moja imekatika.

"Nimekosea," alisema mzee, bado amelala chali chini ya gari. Alisema tena, kwa sauti, ili hata aliyekuwa jikoni asikie. "Nimekosea mimi. Nimepima nyuma kwa macho ya fundi wa malori. Tumelishusha mno, likakosa nafasi ya kupumua."

Chuma kilichokatwa hakirudi, na gari lenye mgongo mrefu halikuwa na springi nyingine. Walikaa na tatizo hilo siku tatu. Nesi alikwenda zamu, akazalisha watoto saba, akarudi nalo kichwani. Siku ya nne alimkuta baba mkwe ameketi mbele ya tairi kuukuu la lori.

"Raba hii imebeba tani kumi," alisema. "Tukikata pete mbili za unene wa vidole viwili, tukaziweka chini ya springi, nyuma itainuka, nafasi itarudi."

Nesi alikata kwa kisu kikali na maji ya sabuni, akafuata chaki ya mzee kama anayefuata mstari wa daktari. Baadaye walinyoosha magurudumu kwa uzi uliokazwa toka nyuma hadi mbele, na kupima ulalo wa matairi kwa timazi ya mwashi jirani. Mumewe Nesi, mwalimu, alirudi nyumbani na kukuta uzi umepita uani pote. Akaruka, akainama, akaomba chakula, akaambiwa asikanyage. Walizungusha gari barabarani. Rababendi zikasimama vidole vitatu chini ya mwisho.

Mashindano yaliyofuata baba mkwe alikwenda mwenyewe. Hakukaa na watu kwenye mstari wa kumalizia. Alichukua kreti, akaipindua, akaketi kando ya kona ya tatu, macho usawa wa magurudumu.

Kila dereva alipewa mizunguko mitatu, na mmoja ulio bora ndio uliohesabiwa. Dalali alifungua kwa sekunde hamsini na nane na nukta nne, haraka kuliko mtu yeyote mwaka ule, akashuka akipuliza vidole vyake. Nesi mzunguko wa kwanza alipata sitini kasoro kidogo. Wa pili ulikuwa bora, lakini aligusa koni moja, akaongezewa sekunde mbili.

Alikuwa mstarini alipoona baba mkwe anakuja, anavuka uwanja kwa mwendo wake wa kuburuza. Mzee aliinama dirishani.

"Mwanangu, kona ya tatu unaachia mafuta mapema. Unaogopa ile ngazi."

"Naiogopa, baba."

"Ngazi haipo tena. Mguu wako bado unaendesha gari la zamani." Akapiga paa mara mbili kwa kiganja. "Liamini hili."

Akarudi kwenye kreti yake, ndipo bendera ikashuka. Kona ya kwanza Bata alizama kidogo upande wa nje, akatulia, akashika. Ya pili ikapita. Mbele yake Nesi akauona ule mpishano wa saruji, na kreti, na mzee akiwa wima juu ya kreti, jambo ambalo kama nesi asingeliruhusu kamwe. Mguu ulitaka kuinuka. Akaukataza. Magurudumu yakapanda, springi zikajikunja, raba ikapokea, na gari likapita pale kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Nesi alisikia sauti ikitoka kifuani mwake, kelele ya furaha ambayo hakujua anayo. Kona zilizobaki alizila moja moja.

Mshika saa alitazama saa yake, akamwonyesha mwenzake, wakatazamana.

"Hamsini na saba na nukta tisa!"

Uwanja ulilipuka. Watu waliokuwa wakimcheka Bata mwezi uliopita walimvuta Nesi kutoka garini, kofia bado kichwani. Dalali, kiungwana, akalala chini na shati lake jeupe na kuchungulia uvungu wa Bata.

"Hii nini hapa? Raba? Ina meno ya tairi! Nani kafanya hii kazi?"

"Baba," alisema Nesi.

"Mkwe wangu," alisema mzee wakati huohuo, akiwa amefika akihema. "Mimi nimekosea, yeye ndiye aliyegundua. Na mikono yote ni yake."

Dalali aliinuka, akajifuta vumbi, akampa Nesi mkono kwa mikono miwili, kisha akamwuliza mzee kama wiki ijayo ana nafasi ya kulitazama gari jekundu.

Mshindi aliruhusiwa kuzunguka mara moja ya kujipongeza, na mtu pembeni akitaka. Nesi hakuhitaji kuuliza. Baba mkwe alikuwa ameshafungua mlango, anafunga mkanda.

"Usinionee huruma," alisema.

Hakumwonea. Kona ya tatu mzee alishika dashibodi kwa mikono miwili na kupiga ukelele uliosikika mpaka kwenye maghala. Walipovuka mstari alikuwa anafuta machozi.

"Nyuma sasa imekaa," alisema pumzi iliporudi. "Lakini mbele bado, mwanangu. Mbele inavuta kulia kidogo, umeisikia? Jumamosi uko zamu?"

"Niko nyumbani, baba."

"Basi tutaanzia hapo."