Ile 'The' ya Fundi Baridi

Mdogo wangu ni fundi wa friji. Mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, na jina limemkaa. Darasa la Kiingereza la watu wazima hakulifuata kwa ajili ya Kiingereza, alimfuata mwalimu. Nami nilijiandikisha ili nimsukume, maana ningemwachia mwenyewe angezeeka na siri yake moyoni. Mwalimu hakuwa na mume. Hilo nililipeleleza mwenyewe.

Siku ya mwisho ya masomo ikafika, bado hajafungua kinywa. Nilikasirika hasa. Baada ya hapo wangeonana wapi tena? Mwalimu hana hata friji!

Tulianza kwa kurudia mpangilio wa maneno. Sisi tunamtaja mtu kwanza, sifa zinafuata. Sifa za Kiingereza hazina subira, zinatangulia. Mwalimu akamwita mdogo wangu atoe mfano.

"Teacher beautiful," akasema, jasho likimtoka.

"Umegeuza. Sema 'beautiful teacher'."

"Beautiful teacher," akarudia, akimtazama usoni.

"Hapo sawa," mwalimu akasema, kisha akashtuka. Akaanza kutafuta chaki, na chaki alikuwa ameishika.

Tukaingia kwenye 'a' na 'the', vijineno ambavyo Kiswahili kimeishi bila kuwa navyo na hakijaugua. Kila mmoja aandike ubaoni kitu anachokitaka. Mimi niliandika nataka 'a sewing machine', nikapata vema. Fundi Baridi akaandika: 'I want the wife.'

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akaikata 'the' kwa chaki nyekundu.

"Hapana, fundi. Kama unatafuta mke tu, yeyote, ni 'a wife'. 'The' ni ya yule anayejulikana."

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kile kikohozi cha dada mtu.

"Anajulikana, mwalimu," mdogo wangu akasema. "Darasa zima linamjua. Ni yeye tu asiyejua."

Hata bibi wa dawati la nyuma, aliyekuwa anasinzia, akaamka.

Mwalimu akaugeukia ubao. Akafuta pale alipokata, akaiandika 'the' upya kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi sentensi haina kosa," akasema bila kugeuka.

Mimi nilishindwa kujizuia, nikalia kwa furaha palepale. Kisha nikamwita wifi, kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakunisahihisha.