Chawa Hana Mbawa

Wewe, umewahi kufurahi kumwona chawa? Basi bibi alifurahi, kufumba na kufumbua tu. Halafu mwili ukamsisimka.

Alimkuta asubuhi alipokuwa akijichana, juu ya kitambaa cheupe alichotandika magotini. Chawa mzima, kanenepa kama punje ya ufuta, anatambaa kama mwenye safari zake. Bibi akambana kwa kucha mbili. Tap! Kisha akawaza.

Tangu maradhi yaingie mjini na shule zifungwe, miezi minne sasa, hakuna mtu aliyemgusa. Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu zamani, na daktari hakuuma maneno: maradhi hayo yakimpata, haponi. Ndipo binti yake, muuza dawa, akamhamishia chumba cha uani. Chakula kiliwekwa juu ya stuli nje ya mlango. Salamu zilipita dirishani, barakoa usoni. Hata shuka zake zilichemshwa.

Na chawa hana mbawa. Hatoki kichwa hiki kwenda kile mpaka vichwa vilaliane.

"Mama, umeamkaje?" Binti alikuwa uani, mkoba begani, tayari kwenda dukani.

"Salama, mwanangu. Huko dukani vipi?"

"Mh! Barakoa na sabuni tu. Dawa ya chawa imeota vumbi. Zamani shule zikifunguliwa, wamama wanaigombania. Sasa watoto hawakutani, nani amwambukize nani? Hata chawa wako karantini!" Akacheka peke yake. "Mbona unajikuna?"

"Joto tu."

Ulikuwa uongo. Kuomba chupa moja ya dawa ile ni kumtaja aliyemletea chawa. Naye alimjua. Kila alasiri kitasa kililia kidogo, nyayo ndogo zikaingia. Ni mjukuu wake, waliyembandika jina la Sisimizi kwa kuwa hakosi tundu la kupenyea. Alipanda kitandani, akalaza kichwa kwenye mto wa bibi, akatulia tuli. Bibi akafumba macho, akakoroma. Angefumbua, ingebidi amfukuze.

Lakini Sisimizi naye chawa kamtoa wapi?

Alasiri hiyo bibi alikaa dirishani badala ya kitandani. Nyuma ya bafu, kwenye uzio wa mabati, bati moja lilikuwa limepinda chini. Sisimizi alilala kifudifudi hapo, kichwa kimezama upande wa pili, kwa shoga yake wa dawati moja. Walinong'onezana, paji kwa paji. Na kutoka nyumba ile ya jirani kikasikika kikohozi. Kikavu. Kikanyamaza. Kikajibiwa na kingine.

Bibi akaiona njia yote, kama uzi uliokwisha kupita tundu la sindano: nyumba ile, bati, kichwa kidogo, mto wake. Chawa alikuwa katangulia tu. Nyuma yake anakuja nani?

Sisimizi hakuja siku ile, wala kesho yake.

Kesho yake jioni binti akagonga dirisha, sauti imemkauka. "Mama, mtoto ana homa. Nimemfumua nywele nimkande maji, kichwa kimejaa chawa! Na kwa jirani gari la wagonjwa limebeba wawili. Namuuliza, kanyamaza kama jiwe. Nawe jana ulikuwa unajikuna. Niambie kweli: huyu ameingia humu?"

"Sikumwamsha!" Sisimizi alilia kutoka mlango wa jikoni. "Bibi alikuwa amelala!"

"Amelala?" Binti akageuka, mkono juu. "Mtoto wewe, unajua umefanya nini? Umemuua bibi yako!"

Bibi akalisukuma dirisha likafunguka lote. Kifua kilikuwa kinambana tangu adhuhuri, naye alikuwa akijifanya hakisikii.

"Shusha mkono, mwanangu. Sikulala hata siku moja. Nilikuwa nasikia kitasa, najikoromesha makusudi." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Nilitaka aje. Miezi yote hii, nilitaka mtu wa kunilalia."