Tairi za Marehemu Manyanda

Asubuhi ile Nyanzala alitoka na kigoda chake, akakiweka kando ya gurudumu la mbele la pikapu, akakaa. Akachukua ungo, akaanza kupepeta mchele hapohapo, kana kwamba uwanja mzima hauna kivuli kingine. Aliyemjua alielewa: leo gari haliguswi.

Fundi Libérat alikuwa ameshashuka kwenye lori la mpunga kule barabara kubwa, akavuka mbuga kwa miguu na jeki yake, vyuma vya kubandulia tairi, na pampu ya mguu. Alitoka Mpanda mjini, mtaa wa Kawajense, ila kwao ni kambi ya wakimbizi ya Katumba, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina Kirundi ndani yake. Tairi mpya nne, zenye meno makubwa ya kung'ata tope, zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Aliyezileta ni Selestine, mtoto wa Nyanzala.

"Shikamoo, mama," Libérat alisema.

"Marahaba, baba. Pole na safari."

"Nishapoa. Naomba unipishe kidogo tu, nifungue nati."

"Kafungue kwenye magari yasiyo na mwenyewe. Hili lina mwenyewe."

Libérat akamgeukia Selestine. "Bosi, si ulisema mwenyewe alifariki?"

"Alifariki," Selestine alijibu, macho chini.

"Ndiyo maana," alisema Nyanzala. "Vitu vya marehemu havivuliwi kabla ya kumaliza tanga. Shemeji zangu wakifika kutoka Shinyanga, watagawa ng'ombe, watagawa nguo, watasema na gari ni la nani. Mpaka siku hiyo litasimama kama alivyoliacha."

Maneno hayo yalikuwa ya haki, na hakuna Msukuma pale kijijini Mamba ambaye angeyapinga. Lakini shemeji wangefikaje? Ulikuwa ule mwaka wa mvua ambayo redio iliipa jina la kigeni, El Nino. Reli ya Mpanda ilikuwa imekatwa na maji, na barua ya mwisho ilisema subirini kiangazi. Tumbo la Kabula, mke wa Selestine, halikuwa la kusubiri kiangazi. Lilikuwa limeshuka, na mwenyewe alikuwa akitembea ameshika kiuno.

Mnisikilize sasa, maana bila hili hamtaelewa kwa nini mama mkwe mwema alikaa mbele ya gurudumu.

Manyanda, mume wa Nyanzala, aliswaga kundi zima la ng'ombe mpaka mnadani ili anunue pikapu ile. Ilikuwa mpya kabisa, viti bado vina nailoni, na tairi zake ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Alizipenda tairi zile kuliko injini. Zilipoanza kulika, madereva wenzake walimwambia, "Mzee, hizi ni za lami, sisi huku tuna mbuga za tope. Badilisha." Akawacheka. "Nyie mmeona wapi ng'ombe anabadilishwa kwato? Kazaliwa nazo, atakufa nazo. Zikichoka nampumzisha." Na kweli alikuwa akilipumzisha gari kivulini, kama mtu anavyompumzisha dume la jembe lililochechemea, akiamini tairi zitapata nguvu tena. Kwa ng'ombe hakuwahi kukosea maisha yake yote. Kwa nini angedhani amekosea hapo?

Masika yaliyofuata, Kabula alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Manyanda mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Walipofika kwenye mbuga nyeusi, kabla ya barabara kubwa, tairi zile laini zilizunguka palepale kama kinu cha kusagia. Walikata matawi, wakaweka chini. Manyanda alivua shati lake, akaliweka chini ya gurudumu. Walisukuma mpaka jua likageuka. Mtoto alizaliwa nyuma ya pikapu, kwenye turubai, naye hakulia.

Tangu siku ile Manyanda hakusema habari ya tairi, wala hakuna mtu aliyemsemesha. Kiangazi hakikwisha, homa ikamchukua.

Basi mnaona. Mila ilikuwepo, na Nyanzala aliishika kweli. Lakini chini ya mila kulikuwa na kitu kingine, nacho ndicho kilichomkalisha kwenye kigoda. Tairi zile zikivuliwa leo, kila apitaye atasema: kumbe ziliwezekana kuvuliwa. Kumbe yule mtoto angeishi. Na Manyanda yuko udongoni, hana mdomo wa kujitetea. Nyanzala aliishi naye tangu ana matiti madogo. Nani mwingine wa kumlinda?

Aliendelea kupepeta, na mchele ulishatakata zamani.

Ndipo Kabula alipotoka ndani. Kichwani alikuwa na furushi, mkononi birika. Akapiga goti, kwa shida, mbele ya mama mkwe.

"Mayu, naomba ruhusa niende."

"Uende wapi?"

"Mpaka barabara kubwa. Polepole, kwa miguu. Nikifika nitaomba kulala kwa watu, nisubiri lori la Mpanda."

"Na uchungu ukikukuta njiani?"

Kabula aliweka birika chini. Kisha akasema, "Njiani nimeshazaa, mayu. Napajua."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Nyanzala angejibu, maana ulimi alikuwa nao. Alimtazama yule binti, miguu imevimba, furushi limefungwa kwa kamba ya katani, akaona kwamba tangu mazishi alikuwa akimlinda aliyekufa huku aliye hai anapiga magoti. Ungo ukamwelemea mapajani.

"Tua mzigo," alisema. "Selestine. Kamwite Dorotea."

Dorotea alikuwa kikongwe wa Kinyamwezi, mtani wa nyumba ile tangu enzi za baba zao. Siku ya mazishi ya Manyanda ndiye aliyekalia jembe la kuchimbia kaburi mpaka akapewa ugoro. Mtani hakasirikiwi, na kitu cha marehemu akikishika yeye, hakina mkosi tena. Anaingia pale ambapo ndugu hawezi.

Alikuja akikokota fimbo, akaizunguka pikapu, akatema mate.

"Wasukuma mmeniita kunipa ng'ombe?"

"Tumekuita kazini," alisema Nyanzala.

"Kazi bila maziwa? Haya. Kitendawili."

"Tega," waliitikia, hata Libérat.

"Wazee wanne wenye vipara wamebeba nyumba. Kwenye ukavu wanaringa, kwenye tope wanalala na nyumba yao."

Kila mtu alijua jibu, na kila mtu akalitazama pembeni. Selestine akasema, "Bibi, tumeshindwa. Tunakupa mji. Chukua Tabora."

"Tabora kwetu tayari. Siitaki."

"Chukua Sumbawanga."

"Kuna baridi. Nyie mnanipa miji, mimi nataka jibu. Kama hamlisemi, nalisema mimi, na hakuna wa kunipiga. Manyanda alikuwa mtu mzuri, mchoyo wa ugoro, na mbishi kama punda. Kwa ubishi wake alimpoteza mjukuu wake. Alijua. Mimi nilimwona akilia zizini, akasingizia moshi. Nasema uongo?"

Kabula alifunika uso kwa kanga. Selestine alitazama juu. Angesema hayo mtu mwingine, ingekuwa kesi ya ukoo. Kasema mtani, basi maneno yalipita, yakaenda zake.

"Tairi za mume wangu," Nyanzala alijibu kile kitendawili, taratibu. Akainuka, akakibeba kigoda chake.

Dorotea alipokea spana kutoka kwa Libérat, akailalia nati ya kwanza kwa uzito wake wote, na kwa kuwa uzito wenyewe haukuwepo, fundi alisaidia kwa mguu. Nati ililia, ikaachia. "Nimemvua," alisema kikongwe. "Endeleeni nyie." Zilizobaki zilimhusu Libérat. Aliinua kwa jeki, akabandua kwa vyuma vyake, akapaka sabuni kwenye rimu, akavisha, akapiga pampu mpaka shati likamganda mgongoni. Nyanzala alisimama akiangalia mpaka nati ya mwisho ilipokazwa.

Kesho yake wakaondoka chini ya manyunyu. Kwenye mbuga nyeusi gari liliyumba, likazama kidogo, meno yakashika, likapanda. Nyanzala alikuwa amemshika Kabula bega, na aliliachia walipofika barabara kubwa. Mtoto alizaliwa hospitali ya Mpanda, wa kike, na kilio chake alikisikia bibi yake akiwa nje ya dirisha.

Reli ilipopona, shemeji walifika. Mkubwa wao, Alois, alisimama mbele ya pikapu muda mrefu.

"Tairi za kaka nani alizivua?"

"Mtani," Nyanzala alijibu.

Alois akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kwa mila, swali lilikuwa limekwisha, na Nyanzala angeweza kwenda zake jikoni. Hakwenda.

"Aliyemwita mtani ni mimi," alisema. "Na wewe unisikie, shemeji, maana leo sitanii. Kaka yako alikosea. Zilipaswa kuvuliwa yeye akiwa hai, na mimi nilipaswa kumwambia. Nilimpenda, nikanyamaza. Usimwombee kama mtu asiyekosa. Mwombee kama Manyanda."

Alois alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Kutoka ndani mtoto alianza kulia, na Kabula akasikika akimbembeleza. Yule mzee aliyetoka Shinyanga akasikiliza mpaka kilio kikapungua.

"Nileteeni nimpakate," alisema.