Baba Yako Anakwangua Rangi

Vumbi la buluu, mwanangu. Asubuhi jua likichomoza nyuma ya vilima vyetu huanza kugusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ndipo hukumbuka na sisi wa Buzebazeba. Likipenya kwenye matundu ya bati la kibanda, nakuta vumbi la buluu linaelea humo ndani. Limetua kwenye nyusi za baba yako. Limetua kwenye chai niliyompelekea, imepoa, hajaigusa. Ni rangi ya baiskeli yako, Martini, na baba yako anaikwangua.

Anakwangua siku zote hizi za msiba. Ana tupa, ana msasa, ana kipande cha kioo cha kuingilia kwenye pembe. Hachomelei tena kitu cha mtu. Watu wanakuja na pole zao na fremu zao zilizokatika, wanasimama mlangoni, shikamoo fundi, anaitikia marahaba bila kuinua macho. Wanasubiri kidogo, kisha wanaondoka wakisukuma. Mimi natoka nyuma yao kuwaomba radhi, maana mwanamume aliyefiwa anaruhusiwa kukosa adabu, ila mkewe haruhusiwi.

Ngoja nikueleze, maana hukuwepo. Simu ilikuja kwanza, baiskeli ikafuata. Mwenzako wa huko ulikokuwa alimpigia baba yako mdogo Gasper, akamwambia ulilala na hukuamka, na kwamba wamekwisha kukuzika hukohuko, kwa kuwa njia ya kukurudisha ni ndefu na hakukuwa na wa kuilipia. Tulikaa chini tukalia. Ziwa halikuacha kupiga ufukweni, na sijui kwa nini nilidhani lingeacha.

Hata matanga hatujaanua, likashuka boksi kwenye treni ya Dar es Salaam. Juu yake jina la baba yako, na mwandiko ni wako. Uliituma ukiwa hai, mwanangu. Ikapita bahari, ikapita reli, ikaja taratibu bila kujua lolote, na sisi tukaipokea na macho yamevimba.

Baiskeli nyepesi, hiyo! Niliinyanyua kwa mkono mmoja, mimi mwenye mgongo ulioharibika kwa kubeba dagaa wa Kibirizi. Baba yako aliizunguka, akaipitishia kidole, akaigonga kwa ukucha, akatega sikio. "Alumini," akasema. Kisha akakaa chini.

Unamjua baba yako na fremu za ng'ambo. Baiskeli mpya haiendi kubeba mawese Ilagala kabla haijapita mikononi mwake. Anaongeza bomba chini ya bomba, anafunga keria ya nondo, anaipiga teke, anasema sasa imekuwa mtu. Wenzetu huko, anasema, wametengeneza baiskeli ya kwendea dukani kununua mkate. Hapa kwetu itabeba madumu, na mke, na mtoto wa mke, na mlima wenyewe. Zake anazounda kwa mabomba ya maji ni nzito, hazina sura, na hazifi. Nyingine zina umri wako. Bado zinapanda kutoka ziwani asubuhi, zinalia kwa uzito, na baba yako akizisikia anajua hii ya nani na hii ya nani.

Halafu wewe ukaenda. Ukapata kazi hukohuko zinakozaliwa fremu, katika mji ambao baba yako hulitamka jina lake vibaya makusudi. Tangu siku hiyo hakuzitukana tena. Alisimama kanisani, alisimama sokoni, alisimama popote palipo na watu wawili: mwanangu anachomelea fremu ng'ambo, sasa zitakuwa imara. Ikiletwa iliyokatika shingo, anaigeuza, anaichungulia, anasema hii haikuwa zamu ya Martini. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, huku nikitazama chini.

Maana mimi nilijua, mwanangu. Nilijua nikanyamaza.

Uliniambia mwenyewe kwenye simu, sauti yako ndogo kama ya mtu aliyejifungia chooni. Ulisema: Mama, huku hakuna anayeshika moto. Kuna mikono ya chuma, imepangwa safu, inainama, inachomelea, inainuka, haichoki wala haiulizi. Ulisema: mimi nafuta fremu kwa kitambaa, naitia kwenye boksi, nafunga boksi kwa gundi. Kisha ukasema: usimwambie Mzee. Na mimi mama yako, ambaye majirani wananiita redio, siri hiyo niliifunga kuliko ulivyofunga maboksi yako.

Sasa sikia yaliyotupata. Babu yao, Gasper na baba yako, alipozama zamani akitoka Kagunga, ziwa halikumrudisha. Wakazika kasia lake, kwa sababu mkono wake ulilishika mpaka likalainika. Gasper akakumbusha hayo. Akasema msiba usio na kaburi hauna mlango wa kutokea, nyumba itakaa hivihivi, na Mama Martini atakwisha kwa machozi. Akasema kijana ametuma kitu chake mwenyewe. Tukizike, tunawe mikono, watu warudi mashambani. Ukoo mzima ukasema ndiyo. Baba yako akasema: "Tuzike kilichopita mkononi mwake. Ngojeni kwanza niuone huo mkono."

Ndipo akachukua tupa.

Unajua anachokitafuta. Ulikuwa mtu wa shoto, na kila ukifika mwisho wa mshono ulichomoa kijiti cha kuchomelea haraka, moto ukaacha kitundu kidogo kilichobonyea, kama kitovu cha mtoto. Baba yako alikugombeza kwa ajili ya kitundu hicho mpaka mkazoeana nacho, yeye na wewe na kitundu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye fremu gizani, akikipata anaguna: huyu Martini. Sasa anafuta rangi kwenye kila kiungo, anapuliza vumbi, anapitisha kidole. Anahamia kiungo kingine. Nami nasimama mlangoni na chai, najua hakuna, naitua chini naondoka.

Ameniambia jambo moja tu katika siku hizo, wala sikuwa nimemuuliza. Alisema chuma kina haya. Ukikizidishia moto kinaiva wekundu, kinakuonya, unatoa mkono. Alumini haiivi. Inabaki nyeupe vilevile, sura ileile, unadhani mko salama, mara imeanguka yote miguuni pako. Alisema hivyo akarudi kukwangua. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia, mwana wanje, mwanangu, kwa sababu wewe pia ulicheka kwenye simu Jumapili ile ya mwisho, ukaniuliza kama samaki wa migebuka wameshuka bei, sauti yako ileile.

Na bado tunaitana kwa jina lako. Hilo nalo hukulifikiria. Baba Martini, chakula tayari. Mama Martini, lete maji. Kila siku tunakuita, na kila siku anaitika mwingine.

Jana Gasper alichoka. Ni mwema Gasper, ila ana shamba, ana watoto, na ana haki ya kuchoka. Alisema kaburi linachimbwa leo, pembeni ya kaburi la bibi yako, na jua likisimama utosini atakuja kuchukua baiskeli, uwe umeonekana mkono au haukuonekana. Leo nimeamka nasikia majembe. Udongo wetu ni mwekundu, laini baada ya mvua, haukatai kuchimbwa.

Nikaona basi, imetosha. Afadhali uongo wako ufe kuliko baba yako. Nikafunga khanga kiunoni, nikaingia kibandani, nikafunga mlango. Humo ndani ilibaki buluu kidogo tu, upande wa chini penye pedeli. Kwingine kote fremu ilikuwa nyeupe, uchi, inatia huruma. Nikasema: "Baba Martini, weka tupa chini. Mtoto hakuchomelea hii. Hakuchomelea hata moja. Alikuwa anafunga maboksi, na aliniomba nisikwambie."

Hakushtuka. Alipuliza vumbi, akapitisha kidole.

"Najua," akasema.

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu siku ya boksi, alipopitisha kidole mara ya kwanza, kabla hajakaa chini. Mishono yote ni sawasawa, Mama Martini, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Binadamu hawi sawasawa namna hiyo, hata akiwa na furaha.

"Sasa siku zote hizi unatafuta nini?"

Aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu ile simu, na nyusi zake zilikuwa za buluu, na mtu mwingine angeweza kucheka.

"Sitafuti kitu," akasema. "Nikimaliza, watamzika."

Nilikuwa nimekwenda kumnyang'anya tupa, mwanangu, hilo ujue. Nilikuwa na maneno mengine tayari, maneno ya mke mwenye akili: kwamba Mungu anajua, kwamba watu wanasubiri, kwamba ubwabwa wa msibani haupikwi mara mbili. Yote nikayaacha. Nikaona mkono wake umechubuka vidole. Nikaona buluu iliyobaki ni ndogo, ya kufutika kabla ya mchana, na kwamba mwenyewe alikuwa akiikwangua kwa ncha ya kioo, polepole mno, kama anayekula chakula cha mwisho cha ghala.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, baiskeli yako katikati yetu. Nikaokota kipande cha msasa kilichokwisha meno. Nikachagua mahali pa kwangu, palipokwisha kukwanguliwa zamani, nikaanza kusugua palepale pasipo na rangi. Akaniona. Akasogeza goti lake nipate nafasi.

Jua lilifika utosini. Majembe yakanyamaza huko kwa bibi yako, nikasikia nyayo zinakuja, nyingi, za watu waliotoka kuchimba. Gasper akabisha hodi. Hakuingia. Alisema kwa upole, kama anavyosema na mgonjwa: "Shemeji, bado?"

Baba yako aliinamisha kichwa.

"Bado," nikamjibu mimi, nikaendelea kukwangua.