Udongo wa Mama Hadidja

Tangu Jumamosi ile ya salongo, kazi ya lazima ya kambi nzima, Tshimanga hakuweza tena kupita mbele ya nyumba ya Mama Hadidja bila kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Alipapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto, na yote miwili ilikuwa mitupu. Yule mama alimwamkia vilevile kama zamani: "Papa Tshimanga, umeamuka muzuri?" Naye alijibu kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa.

Alikuwa fundi wa reli pale Kindu, Kongo, Mluba wa Kasai, lakini katika kambi ya wafanyakazi wa reli walimwita Papa Maua. Ujana wake aliutumia akimwagilia bustani ya Mbelgiji mmoja, na Mbelgiji alipokimbia, Tshimanga alibaki na ujuzi. Alijua kijiti cha bugenvilia kikatwe urefu gani na kilazwe kivulini siku ngapi kabla ya kuchomekwa. Alijua zinia hazitaki kulowanishwa majani. Mbele ya nyumba yake palichanua mwaka mzima, na majirani walimtania: "Papa Maua, leo munakula nini, mekundu ao manjano?"

Basi mwaka ule, na waliokuwepo hawajasahau, ikashuka amri. Sikukuu ya chama inakaribia, mkubwa mmoja atapita na gari, kwa hiyo barabara ya kambi ichanue rangi za chama: kijani, manjano, nyekundu. Chumvi ilikuwa imeadimika, sabuni usiseme, watoto walikuwa wanahara. Lakini kilichoonekana kupungua ni maua.

Mkubwa wa selule, yaani tawi la chama kambini, aliitwa Ngoyi. Jina lake la ubatizo, Isidore, alilitupa asubuhi ileile majina ya kizungu yalipopigwa marufuku, kabla hata redio haijamaliza kusema. Akaja kwa Tshimanga na tabasamu, akamwita raia kama chama kilivyotaka watu waitane.

"Sitwayen Tshimanga, wewe njo mujuzi. Utuchagulie maua. Na utuonyeshe fasi ya kupanda."

Hapo ndipo alipoponzeka. Miaka kumi na tano kwenye reli, hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza neno isipokuwa "Umemaliza?" Kifua kikamtanuka.

"Nyekundu, tupande canna," alisema. "Inasimama kama askari, muntu anaiona toka mbali. Manjano, tajeti. Kijani, majani ya canna yenyewe yanatosha."

Wakatembea barabara nzima. Udongo wa kambi ni changarawe tupu. Tshimanga aliinama, akasugua, akanusa, akatupa. Walipofika kwenye kona, mbele ya nyumba ya Mama Hadidja, mjane wa dereva wa treni, udongo ukambaki kiganjani mweusi, laini, wenye unyevu. Akasema bila kuinua macho:

"Canna inapenda udongo munono. Kambi yote, iko huu tu."

Alisema kama mtunza bustani. Hakusema ng'oeni. Hilo alijiambia baadaye mara mia, na kila mara lilizidi kunuka. Maana juu ya udongo ule kulikuwa na sombe, lengalenga na matembele, mboga za watoto watano. Tena udongo haukunona wenyewe. Miaka sita yule mama alikuwa akibeba majivu, maganda na matumbo ya samaki kutoka bandarini, kichwani, nzi wakimfuata.

Jumamosi watu wote walitolewa na majembe. Salongo ni kazi ya wote, na jina la asiyekuja huandikwa. Kwa hiyo Mama Hadidja naye alikuja, akapewa jembe, akang'oa sombe yake kwa mikono yake, huku wengine wakiimba sifa za chama. Tshimanga alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli kutafuta mizizi ya canna, akarudi na gunia. Alisimama katikati akionyesha: shimo la kiganja kimoja, hatua moja toka shina hadi shina.

Mama Hadidja aliinua mzizi, akamwuliza kwa adabu kabisa: "Jicho liangalie juu, Papa?"

"Juu, mama."

Maua yalishika. Kwa udongo ule yangekosaje kushika? Siku ya sikukuu yalikuwa yanawaka. Gari la mkubwa lilipita mbio, vioo vimefungwa, vumbi likatua juu ya maua na juu ya walioimba. Baada ya vumbi Ngoyi alimwita Tshimanga mbele, akampa kitenge chenye alama ya chama. "Mujuzi wetu, sema neno!"

Neno alikuwa nalo. Alikuwa amelala nalo wiki nzima: udongo huu ni wa Mama Hadidja, arudishiwe. Alifungua kinywa, akaona makofi yanamsubiri, akasema, "Aksanti, sitwayen."

Nyumbani mke wake Odile alikitazama kile kitenge. Akafunga mlango kwanza, ndipo akamwita kwa jina lililokatazwa. "Anaclet, hicho kisiingie humu. Watoto wa Hadidja wanakula bukari bila mboga, na maji matupu tu."

Tshimanga akatoka nacho, akakipeleka kwa mjane. Alisimama mlangoni, akasema mbiombio: "Mama, ni mimi niliyewaonyesha udongo wako."

"Najua. Nilikuwa hapa ndani. Nilikusikia."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Na ulikuwa unaniamukia kila asubuhi?"

"Ulitaka nikutukane, upumzike?"

Tshimanga alimnyooshea kile kitenge. Kikamning'inia mkononi, maana Mama Hadidja hakunyoosha mkono kukipokea.

"Wewe unayejua maua," alisema yule mama, "mizizi yake inaliwa?"

"Kule kwa Mbelgiji nguruwe walikuwa wanakula." Neno lilikwisha kutoka ndipo akakumbuka yuko katika nyumba ya Waislamu, na masikio yakamwaka moto.

"Nguruwe," alisema Mama Hadidja polepole. "Basi hawakufa."

Akachukua jembe, mchana kweupe, akafukua shina la kwanza. Akachemsha mzizi wake. Tshimanga aliomba aonje yeye kwanza, kabla ya watoto. Ulikuwa mtamu kidogo, wenye nyuzi, ukakwama katikati ya meno. Alitafuna wote, watoto wakimhesabia matonge kwa macho.

Siku ya tatu Ngoyi alipita, akaona pengo. Akamkuta Tshimanga palepale barabarani.

"Sitwayen, maua yangu! Nani amegusa?"

Tshimanga aliona Mama Hadidja anaanika nguo hatua kumi tu kutoka hapo.

"Limeoza, mukubwa. Canna ina ugonjwa wake. Ikiingia moja, nyingine zinafuata."

"Zote?"

"Moja moja. Haina dawa. Muntu akitaka kuokoa udongo, apande mboga kwanza."

Ngoyi akatema mate, akaguna, akaenda zake, maana sikukuu ilikwisha pita. Mama Hadidja aliendelea kuanika, hakumshukuru, hakumtazama. Ndio ujasiri pekee alioupata Tshimanga mwaka ule, na hata huo aliutoa kwa uongo, macho yake yameganda kwenye vidole vya miguu yake.