Tuseme Moto Umewaka

Mara ya kwanza nilipoitwa kuhojiwa ili niwe msimamizi wa laini ya kupakia biskuti, nilijiangusha mwenyewe, tena kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimefanya kibarua katika kiwanda hicho cha Industrial Area kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi nikisimama getini kungoja kuchaguliwa. Msimamizi hasimami getini. Ana barua ya kuajiriwa, ana likizo, na akiugua kazi yake inamngoja. Hiyo barua niliitaka kuliko kitu chochote.

Bwana Sylvance, meneja wetu, aliniuliza kwa Kiingereza ningefanya nini kama moto ungewaka kwenye laini yangu. Nikamjibu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba hauwezi kuwaka, kwa jina la Yesu. Akatabasamu, akauliza tena: na kama mkanda wa mashine ungenasa kidole cha mfanyakazi? Nikasema ishindwe. Hilo nililisema kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake sikukijua. Akafunga faili taratibu, akanieleza kwa upole kwamba nafasi nyingine ingetangazwa baada ya miezi mitatu, na kwamba nikajifunze kujibu swali ninaloulizwa.

Nilirudi mtaani kwetu Kware na hasira zangu zote, na hasira zangu si haba, waulize majirani. Jumamosi nikapanda na beseni hadi kwenye paa tunakoanika nguo, nikaketi kuzilinda, kwa sababu kwetu nguo zisipolindwa hupata mwenyewe mpya. Nikamkuta Jacklyne wa ghorofa ya sita, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya jirani, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akashika kamba ya nguo.

"Ati Mama Mutheu, ulimkemea manager?"

"Nilikemea moto."

Akasema atanifundisha kujibu maswali kama hayo kwa Kiingereza kila Jumamosi, hapo hapo juu. Nilipouliza nimpe nini, akasema nimlindie nguo siku akichelewa shuleni.

Alianza na ile rahisi. Mvua ikinyesha, tutaanua nguo. Hiyo ni *if* na *will*, na niliielewa kabla povu halijakauka mikononi, ila kila sentensi niliimalizia na Mungu akipenda, naye akawa ananiambia Mungu ameshasikia, tuendelee. Kisha akaleta *if* ya *would*, ya jambo ambalo halipo, la kuwaza tu. Akanionyesha kwamba ninayo mdomoni tangu utotoni: nikisema ningekuwa na gari, hakuna anayeshuka chini kulitafuta. Nikacheka. Ya magari nikaiweza, ya nyumba kubwa kwetu Makueni nikaiweza. Mwisho akaniambia niseme ningefanya nini kama Mutheu, binti yangu wa pekee, angegongwa na pikipiki.

Nikasimama. Nilikolelewa, mtu hatamki baya juu ya mtoto. Mama yangu angekupiga kofi la mdomo kwanza, kisha ndipo akuombee. Nikamwambia Jacklyne kwamba hajui uchungu wa kuzaa, na kwamba Kiingereza chake abaki nacho. Nikaanua nguo zangu zikiwa mbichi. Wiki mbili hatukusalimiana, na mahojiano ya pili yalikuwa yamebakiza siku nne.

Yeye ndiye aliyeshuka. Alibisha mlango wangu Jumapili baada ya kanisa, akakataa chai, akabaki amesimama. Alinieleza kwamba mama yake alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo, yeye mwenyewe akiwa darasa la sita. Mlango wa nyuma wa kiwanda hicho ulifungwa kwa kufuli siku zote. Kila mama aliyeshona pale alijua, na hakuna aliyethubutu kuuliza itakuwaje moto ukiwaka, maana waliona kuuliza ni kuuita. Moto ukawaka bila kuitwa.

Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza, ile *if* ya tatu ambayo hatukuwa tumeifikia, ya mambo yaliyokwisha kupita. Kama mtu angaliusema ule mlango, mama angalikuwa hai.

"Hiyo sentensi nimeisema miaka kumi na nne," akaniambia. "Haijamrudisha. Kama maneno hayawezi kumfufua mtu, Mama Mutheu, basi hata kumuua hayawezi."

Nilimshika mikono nikamwomba msamaha, na tukalia sote wawili, mimi zaidi. Nilipotulia nikaisema yangu, ya Mutheu na pikipiki, mwanzo hadi mwisho. Mutheu mwenyewe akaingia kuuliza kama kuna chakula.

Kesho yake kazini niliutazama mlango wetu wa nyuma, nadhani kwa mara ya kwanza. Haukuwa na kufuli. Ulikuwa umezibwa kwa marundo ya katoni hadi juu, na nyingine nilizipanga kwa mikono yangu.

Siku ya mahojiano Bwana Sylvance aliuliza lile lile la moto. Nikamjibu kwa Kiingereza, chenye makosa yake, kwamba ningezima mashine, ningepiga kelele, na ningewatoa wanawake wangu ishirini kwa mlango wa nyuma. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilijua nikinyamaza hapo kazi ni yangu, na nilijua mameneja hawapendi kuonyeshwa uchafu wa nyumba yao. Nikaongeza: ila hatungetoka, kwa sababu mlango huo umezibwa, na wengine wetu tungekufa. Neno kufa nililitamka mimi, Ndunge.

Aliinuka, akatoka, akaniacha na feni ikizunguka. Nikajiambia nimeharibu tena. Aliporudi mikono yake ilikuwa na vumbi. Akaketi, akaniambia ninaanza tarehe moja, lakini nikawaondoe watu kwenye laini sasa hivi, tuondoe zile katoni.

Jioni nilipanda hadi ghorofa ya sita nikihema. Nilimshukuru Jacklyne kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mpaka maneno yakaniishia, na nilimshukuru Mungu aliyempangisha katika jengo letu wakati Kware nzima ina vyumba. Nikamnyooshea barua ya kuajiriwa niliyopewa siku hiyo. Hakuipokea.

"Huo mlango," akauliza, "sasa unafunguka?"

Nikamwambia nimeufungua mwenyewe, na wanawake wote wametoka mmoja mmoja hadi nje, kisha wakarudi wakilalamika kwamba jua ni kali. Akaketi kizingitini, akaniomba nimtajie majina yao. Nikaketi kando yake, nikamtajia, mmoja baada ya mwingine, wote ishirini.