Zamu ya Sista Kulala Mezani

Maisha yake yote ya kazi, sista alikuwa mtu wa kusimama. Kituo chake kilikuwa chumba cha upasuaji, ubavuni mwa daktari, kumpa mkononi anachokitaka kabla hajakitaja: kisu, koleo, mkasi, uzi. Alikuwa amesimama mpaka miguu ikatoa mishipa. Sasa alikuwa na mimba kubwa, mimba ya kwanza, iliyokuja baada ya yeye na mumewe kuacha kabisa kuizungumzia, na bado alisimama. Akitoka zamu, alijitupa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akavua viatu na kuukodolea macho ukuta, mpaka mwenzake amuulize kama anaumwa.

"Siumwi," alijibu. "Nimechoka tu."

Alikuwa amechoka kweli, ila uchovu wenyewe haukuwa wa miguu peke yake.

Kipimo kilikuwa kimeonyesha kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kuziba mlango wa kizazi. Mtoto hana pa kupita. Daktari bingwa, waliyefanya kazi pamoja muda mrefu, alimgeuzia ile picha aione mwenyewe.

"Tutakupasua kabla uchungu haujaanza," alisema. "Mengine sina haja ya kukueleza, sista. Wewe si unajua."

Alijua, na huko kujua ndiko kulikommaliza. Alijua kondo la namna ile linavyoweza kung'ang'ania, na damu inavyoweza kutoka kama bomba lililopasuka. Alikuwepo siku walipompoteza mama mmoja mwenye hali hiyohiyo, mwanamke mrefu aliyeingia chumbani akiitania kofia waliyomvisha. Sista ndiye aliyeosha vifaa baadaye. Na sasa kila aliyeliona tumbo lake, kuanzia wasukuma vitanda hadi wauguzi wa wodini, alimtia moyo kwa maneno yaleyale ya daktari: wewe si unajua. Hata mama mkwe, kwenye simu, alisema, "Wewe ni wa humo humo, mwanangu. Sisi tutakuambia nini?"

Mkunga mmoja wa wodi ya wazazi ndiye aliyemnong'oneza kuhusu dula. Jioni hiyo akamweleza mumewe.

Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa mzaha tangu asubuhi mpaka anapolala. "Dula?" aliuliza. "Dula gani huyo wa kuingia na mke wangu kujifungua? Mimi Dula ninayemjua anauza spea za pikipiki."

"Ni mwanamke. Ndivyo kazi yake inavyoitwa."

"Mkunga?"

"Si mkunga. Hachomi sindano, hazalishi. Anakaa na mama, basi. Tangu kabla ya siku yenyewe mpaka mtoto atoke."

"Kazi ya kukaa," alisema mumewe, akitikisa kichwa. "Na mimi nahangaika kupanda nguzo."

Sista hakucheka. Mumewe akamtazama vizuri, mzaha ukamwisha. "Mwite," alisema. "Kama unamtaka, mwite aje."

Alikuja mama wa makamo, mnene kidogo, sauti ya chini, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Alikuwa ametoka kumsindikiza mzazi mwingine. Wote aliowahi kukaa nao walimwita Shangazi, naye alikuwa ameshazoea kiasi cha kujitambulisha hivyo. Aliomba maji, akanywa yote, akauliza, "Haya, niambie. Siku hiyo unataka iweje?"

Sista alianza kueleza kama anayemkabidhi mwenzake zamu. Ganzi ya mgongo, si usingizi, labda ikilazimu. Dripu kwenye mikono yote miwili. Damu ya akiba isibaki maabara, iwe ndani ya chumba. Daktari wa watoto aitwe mapema. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hayo ni ya daktari," alisema, "na nusu yake sikuyaelewa. Mimi nimekuuliza wewe. Wewe unataka nini?"

Sista aliangalia miguu yake, ambayo ilikuwa imevimba hadi vifundo havionekani. Mumewe, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, alifungua mdomo kumsaidia, Shangazi akamzuia kwa jicho.

"Nataka nisijue," alisema sista.

Yeye mwenyewe alishtuka kujisikia akisema hivyo. Lakini yalikuwa yameshaanza kutoka, yakaendelea. "Ile mashine ya kufyonza, nikisikia mlio wake tu najua damu imefika wapi. Daktari akinyamaza, najua. Akiongea polepole, najua zaidi. Kila mtu mle ndani ataniona mimi ni mwenzao, ataniongelesha kama mwenzao. Nataka mtu mmoja asiyejua kitu, aniangalie mimi basi."

"Umempata," alisema Shangazi. "Mimi huko kwenu sijui hata koleo ni lipi." Kwa mara ya kwanza siku hiyo sista akatabasamu.

Walipanga pole pole, siku hiyo na nyingine zilizofuata, sista akiwa amelala kwa ubavu kwenye kochi. Wataomba pazia lishushwe kidogo mtoto anapotolewa, mama amwone. Wataomba mtoto akiwa salama alazwe kifuani kwa mama wakati daktari anashona. Watu wa chumbani wasimwite sista siku hiyo, wala wasizungumze mambo ya zamu juu ya kichwa chake. Kisha Shangazi akasema, "Na mabaya nayo tuyapange, tusiyakimbie." Wakayapanga: mtoto akihitaji kuondolewa haraka, aende kwa baba yake, na Shangazi abaki na mama. Mama akilazwa usingizi, Shangazi atakuwa pale atakapozinduka. Sista aliyasikia hayo akiwa amefumba macho. Kazini kwao hakuna aliyewahi kumwuliza mgonjwa mambo hayo, yeye mwenyewe akiwamo.

Daktari alikubali karibu yote. Msimamizi wa chumba cha upasuaji ndiye aliyekaza. "Mtu mmoja tu," alisema. "Mume au huyo mama. Chumba si uwanja wa mpira, na wewe hilo umewaambia wengi."

Ilikuwa kweli, alikuwa amewaambia wengi. Akarudi nyumbani na lile neno kifuani.

Mumewe alikuwa kibarazani akikunja waya. Alimsikiliza bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo mimi nje," alisema.

"Wewe mtu akijikata kidole na kisu cha vitunguu unakaa chini."

"Nakaa chini. Sizimii." Aliuzungusha waya kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko. Kisha mikono ikasimama. "Nikuambie kitu? Uliposema ni mtu mmoja, nilishukuru kwanza. Kukasirika kumekuja baadaye. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba nilianza kwa kushukuru."

Sista alijishusha taratibu akakaa kando yake. Hakuwa na nguvu za kumbembeleza, wala hakutaka kumdanganya. "Mimi nawahurumia wanaokaa nje," alisema. "Ndani angalau unaona. Lakini mtoto akitoka kabla yangu, nataka akute mtu wake mlangoni. Simwamini mwingine."

"Nitakuwa mlangoni," alisema mumewe. "Wakinifukuza nitajifanya nimekuja kutengeneza taa."

Siku ilipofika, waliingia asubuhi kwa lango la wagonjwa, lango ambalo sista hakuwahi kulitumia. Walimvisha gauni linalofungwa mgongoni. Alipolazwa mezani akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: dari. Ilikuwa na doa kubwa la maji, rangi ya chai, na kona moja ilikuwa imebanduka. Miaka yote amefanya kazi chini ya dari hiyo, na wagonjwa wake wote wameiangalia hiyo dari mbovu. Aliona aibu kidogo, kama mwenye nyumba aliyefumaniwa na uchafu.

Daktari wa usingizi alimchoma ganzi ya mgongo. Miguu ikapata joto, ikawa mizito, ikapotea. Shangazi alikaa kichwani pake, amevaa kofia na barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye paji la uso la sista.

"Naanza, mama," alisema daktari. Alikumbuka kutomwita sista.

Alihisi kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anapekua kabati tumboni mwake. Aliisikia mashine ya kufyonza. Shangazi alimwuliza sista wataanza kumwita mtoto jina gani la kudekeza, naye akajaribu kujibu, na kabla hajamaliza, mtoto akalia. Kilikuwa kilio kidogo, kikavu, chenye kuudhika.

Pazia halikushushwa. Alisubiri lishuke, halikushuka, akaelewa kwamba mambo si mazuri. Nesi alimleta mtoto upesi, akamgusisha shavu lake kwenye shavu la mama, shavu lenye maji na joto, akampeleka meza ya pembeni kumfuta. Msichana, walisema. Kisha daktari akazungumza, kwa sauti ya chini, taratibu, karibu kwa upole: "Leteni ile damu."

Sista aliifahamu sauti hiyo. Daktari huyo alikuwa mpiga kelele siku nzuri, na mpole siku mbaya. "Limeshika," alisema sista. "Kondo limeshika. Waambie wasilivute, wa…"

"Niangalie mimi," alisema Shangazi.

"Wanasema nini?"

"Mimi sijui wanachosema. Nikuambie ninachoona?"

"Unaona nini?"

"Namwona mtoto. Wamemfunga taulo, mguu mmoja umetoka nje. Anapiga teke."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Ngoja. Hapana, wa kulia. Wameurudisha ndani. Ameutoa tena. Huyu ana ubishi."

"Vidole vyake?"

"Vipo. Vimejikunja kama anashika kitu."

Nyuma ya pazia mtu alikimbia, kitu cha chuma kikaanguka. Baridi ilimpanda sista kutoka ndani, meno yakaanza kugongana. Mtoto alitolewa nje, kwa baba yake, kama walivyopanga. Sasa hapakuwa na mguu wa kusimulia. Shangazi hakunyamaza. Akaanza kumweleza habari za fundi bomba aliyekuja kwake kuziba mfereji, akanywa chai, akasifia chai, akaondoka, na mfereji ukazidi kuvuja. Ilikuwa hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Sista aliishikilia neno kwa neno. Na katikati ya hadithi hiyo alihisi mkono ulio kwenye paji lake unatetemeka. Shangazi naye alikuwa anaogopa. Hakujua kitu, lakini alikuwa na macho, na alikuwa akiona yanayopita upande wa pili. Sauti yake ilibaki palepale, chini, kwenye mfereji unaovuja. Sista aliinua mkono wake wenye dripu, kidogo tu, akaugusa ule mkono. Wakakaa hivyo wawili mpaka daktari alipoanza tena kuongea kwa kelele, akigombana na taa.

Alizinduka wodini mchana, ingawa hakukumbuka kulala. Chupa ya damu ilikuwa inaning'inia. Mumewe alikuwa kwenye kiti, shati limefunguliwa vifungo, mtoto amelala kifuani pake chini ya shuka. Alikuwa amekaa wima kama nguzo.

"Shangazi ndiye aliyenifundisha hivi mapema," alinong'ona. "Hata kukohoa naogopa."

Daktari alipita, akasimama miguuni pa kitanda. Alionekana amezeeka tangu asubuhi. "Kizazi tumekiokoa," alisema. "Lakini tulikaribia sana."

Sista aliitikia kwa kichwa. Daktari alipoondoka, mumewe alisogea, akamlaza mtoto ubavuni mwa mama. Sista alimtazama yule mtu mdogo mwenye nyusi zilizokunjwa, akangojea furaha, na iliyokuja ilikuwa uchovu mtupu. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni.

"Nilitaka kumwona anavyotoka," alisema. "Sikumwona."

Mumewe alikuwa karibu kusema kwamba la muhimu wote ni wazima. Shangazi, aliyekuwa dirishani akikunja gauni lake la plastiki, aliwahi. "Ndiyo," alisema. "Hilo hukulipata." Sista alilia mpaka akaridhika, mtoto akiwa amelala hapohapo bila habari, kisha akaomba maji.

Wenzake wa chumba cha upasuaji walipoanza kuja makundi makundi kumpongeza na kumsimulia yaliyotokea, hatua kwa hatua, Shangazi alikaa mlangoni akawarudisha kwa adabu. Waliondoka wakinung'unika kwamba huyo mama ni mlinzi kuliko walinzi.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, sista alimwambia daktari kwamba likizo ikiisha atarudi kazini, ila kwa muda hataki kusimamia upasuaji wa wazazi. Apangiwe mifupa, apangiwe macho, popote. Daktari hakuuliza sababu. Alisema atazungumza na msimamizi.

Shangazi alikuja kuwaangalia alasiri moja, ametoka tena kwa mzazi mwingine. Alimwuliza sista mtoto ananyonyaje, mshono unaumaje, na kama yeye mwenyewe analia ovyo. Sista akajibu yote: ananyonya, unauma, ndiyo, nalia. Akaenda jikoni, mkono tumboni, kubandika maji ya chai. Aliporudi alimkuta Shangazi amelala kochini, kichwa kimeanguka pembeni, mdomo wazi, mkoba bado begani.

Mumewe aliingia na kishindo chake, sista akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Walimvua mkoba taratibu, wakamwinulia miguu. Mtoto alipoanza kuguna, sista alimchukua akatoka naye kibarazani, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kumnyonyesha huko nje.